Fundi Aliyefunga Pampu Zilizokausha Barabara ya Saba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Arlindo Bettencourt amepiga magoti kando ya kisima cha Bi Nadine Hoyt, anapaka chaki kwenye utepe wa chuma. Lori lake lenye winchi linanguruma nyuma yake. Anauteremsha utepe ndani ya bomba polepole, midomo ikihesabu futi, hadi unapogota chini. Kisha anauvuta juu na kutazama pale chaki ilipolowa.

Imelowa inchi nane tu.

"Lindo, usinipambie maneno," anasema Bi Nadine, aliyesimama kwenye ngazi ya jikoni.

"Sipambi, Mwalimu. Kisima kina futi mia moja na arobaini, na maji yaliyobaki hayafiki goti la mtoto. Sina tena pa kuishusha pampu."

Bi Nadine ana miaka 81. Alimfundisha Arlindo darasa la nne, ndiyo maana hadi leo, fundi huyu wa miaka 61 hathubutu kumwita kwa jina. Mama huyo anatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa habari aliyokwisha kuisikia kwingine, kisha anauliza kama kwenye lori kuna maji ya kupikia kahawa. Yapo, galoni tano. Arlindo anayabeba hadi jikoni.

Hii ni mara ya tatu katika miaka minne kuja hapa kuishusha pampu ileile. Mara ya kwanza aliifikisha futi 95, mara ya pili 120. Leo ameifungua bure, na saa moja baadaye anaanza kuirudisha, bomba moja baada ya jingine, kwa sababu kuiacha nje kwenye nyasi kungemkera mwenye nyumba.

Ng'ambo ya barabara, mpunga wa shamba la Kessler umesimama ndani ya maji, kijani kibichi hadi macho yanapoishia. Ukinyamaza unasikia mlio mzito, wa sauti moja, usiopumzika.

"Ile ni pampu namba nne," Arlindo anasema bila kugeuka. "Niliifunga mimi."

*

Barabara ya Saba iko upande wa mashariki wa kaunti ya Tolliver, kwenye bonde la Mto Sacramento, kaskazini mwa California. Nyumba ni 31, nyingi za watu wa kipato cha kawaida: dereva wa basi la shule, wastaafu, mama anayefuga mbuzi, familia mbili zinazofanya kazi kwenye kiwanda cha kukaushia matunda. Hakuna bomba la mji. Kila nyumba ina kisima chake, na kila kisima kwa wakati mmoja au mwingine kimepita mikononi mwa Arlindo.

Alianza kazi akiwa na miaka 17 kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa mkali kuliko baba yake. Mzee huyo alikuwa na amri moja tu: kabla hujaondoka kisimani, pima maji, andika. Arlindo aliandika. Tangu mwaka 1981 hakufunga kisima bila kuandika tarehe, jina la mwenye nyumba na kina cha maji. Mkewe, Celeste, anayepika kwenye shule ya msingi, anasema daftari hizo zimemlia nusu ya kabati la nguo.

"Nilikuwa nikimuuliza, unamwandikia nani? Anasema kazi ndivyo inavyomalizwa."

Kwa miaka 26 mteja wake mkubwa alikuwa Roy Kessler, mkulima wa mpunga mwenye ekari elfu tatu. Walikuwa zaidi ya mteja na fundi. Kessler alikuwa msimamizi wa Arlindo siku ya harusi yake. Kila sikukuu ya Roho Mtakatifu, watu wa kaunti hiyo wenye asili ya Ureno walipokusanyika kula supu ya nyama na mkate, Kessler, ambaye si mmoja wao, alikaa meza moja na ukoo wa Bettencourt na kuongeza bakuli la pili. Theluthi mbili ya kazi zote za Arlindo zilitoka kwenye shamba lile.

Majira ya kuchipua, miaka minne iliyopita, Kessler alimwita akamwonyesha visima vitano vipya vilivyochimbwa na kampuni kutoka nje ya kaunti. Kila kimoja kilikuwa na kina cha futi mia sita. Akamwomba afunge pampu.

Arlindo alishangaa. Shamba la Kessler lina haki ya maji ya mtoni tangu enzi za babu yake, maji yanayofika kwa mfereji hadi kwenye majaruba, na katika miaka mibaya kuliko yote hayakuwahi kukatika. Akauliza visima ni vya nini. Kessler hakumficha. Alikuwa amesaini mkataba wa miaka kumi wa kuuza maji yake ya mtoni kwa watu wa kusini, wenye mashamba ya lozi na miji yenye kiu. Maji hayo yangeupita mfereji wake na kuteremka na mto. Mpunga wake angeunywesha kwa maji ya chini ya ardhi.

"Akaniambia, Lindo, sisafirishi hata ndoo moja kutoka ardhini. Ninauza cha kwangu cha juu, ninatumia cha kwangu cha chini," Arlindo anakumbuka. "Ukilisikiliza haraka, ni neno la haki."

Akalisikiliza haraka. Alifunga pampu zote tano kwa wiki tatu na kulipwa vizuri kuliko alivyowahi kulipwa. Kwa fedha hizo walibadilisha paa la nyumba. Celeste anapolitaja paa hilo, Arlindo huondoka chumbani.

*

Pampu ziliwashwa tarehe tisa Juni. Siku ya tatu, Bi Nadine alipiga simu kusema bomba la jikoni linatema hewa.

Arlindo alikwenda, akapima, akaandika. Akarudi kesho yake, akapima tena. Katika siku kumi maji ya kisima kile yalishuka futi kumi na moja. Kabla ya hapo, kushuka futi kumi na moja kulichukua miaka ishirini na mbili. Hakumwambia mtu. Aliishusha pampu ya mwalimu wake, akakataa malipo na kwenda zake.

Hadi Agosti visima kumi na vinne vya Barabara ya Saba vilikuwa vimekauka. Watu walioga kwa jirani, wakafulia mjini, wakanunua maji ya chupa ya kuwapa mbwa. Mama wa mbuzi aliuza mbuzi. Arlindo hakuwahi kuwa na kazi nyingi kama kiangazi kile, na anasema hakuna siku aliyoipenda.

"Kila nyumba niliyokwenda walinishukuru. Wananipa pichi, wananipa mikate ya ndizi. Nami najua. Mtu anakushukuru kwa kumfunga kidonda ulichomchoma wewe."

Septemba, wakazi walikutana kwenye ukumbi wa wakulima na kuandika ombi kwa baraza la kaunti. Walitaka sheria ya kikomo: mtu yeyote anayeuza maji nje ya kaunti, au anayevuta maji ya chini kufidia yale aliyouza, apate kwanza kibali, na asipewe kibali hadi athibitishe kwamba visima vya jirani havitaumia. Ombi lilipata sahihi mia nne na ishirini. Walilokosa ni ushahidi. Kampuni ya watu wa kusini waliouziwa maji ilikuwa imeleta mtaalamu mwenye ramani za rangi zilizoonyesha kwamba maji yameshuka kwa sababu mvua haikunyesha, basi.

Bi Nadine ndiye aliyekumbuka daftari. Alimwendea Arlindo nyumbani, akakaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani.

Celeste anasimulia kwamba mwalimu hakubembeleza. Alisema tu kwamba anafahamu Kessler ndiye mkate wa nyumba hii, na kwamba akikataliwa hatalichukia jibu. Alipoondoka, Celeste akamwambia mumewe: "Ukitaka kwenda, nenda. Lakini usirudi hapa kunililia njaa."

Arlindo alimfuata Kessler kwanza, akamweleza ana kwa ana kwamba atasoma daftari zake mbele ya baraza. Kessler alimsikiliza akiwa ameegemea gari. Alisema bei ya mpunga imeanguka miaka mitano mfululizo, kwamba benki ilikuwa imeshaanza kuizungukia ardhi ya babu yake, kwamba fedha za maji ndizo zilizomwezesha kutofukuza wafanyakazi kumi na mmoja. Arlindo anasema hakuna uongo katika hayo. Kisha Kessler akamuuliza swali moja.

"Umekula mkate wangu miaka ishirini na sita. Hao wa barabarani wamekulisha miaka mingapi?"

*

Kikao cha baraza kilifanyika Januari. Viti vilijaa hadi watu wakasimama ukutani. Arlindo alivaa koti la harusi ya binti yake, akasoma vipimo vya kisima cha Bi Nadine kuanzia mwaka 1984, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya mtu asiyezoea kusoma mbele za watu. Alipofika Juni iliyotangulia, alisoma: futi kumi na moja katika siku kumi.

Wakili wa kampuni ya kusini, mwanamke mpole mwenye nywele fupi, aliomba kuuliza mambo machache.

"Pampu namba nne ilifungwa na nani, bwana Bettencourt?"

"Na mimi."

"Ulilipwa?"

"Nililipwa."

"Na unasema kisima cha jirani kilianza kushuka lini?"

"Siku ya tatu."

"Leo ni Januari. Miezi hiyo yote uliyajua, ukaendelea kupokea fedha pande zote mbili. Ulikuwa unangoja nini?"

Kuna watu walicheka. Mwenyekiti akamkumbusha Arlindo kwamba si lazima ajibu. Akasema anataka kujibu, akashika ukingo wa meza.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Na hivi sasa naogopa. Lakini namba hazijabadilika kwa sababu mimi ni mwoga."

Baraza lilipiga kura saa tisa alasiri. Kikomo kikapita, watatu kwa wawili. Watu walikumbatiana. Mama wa mbuzi alilia. Bi Nadine alimpa mkono Arlindo, kama alivyokuwa akiwapa wanafunzi waliofaulu.

Furaha ilidumu siku nne. Siku ya tano maandishi kamili ya sheria yalibandikwa, na dereva wa basi la shule, ambaye husoma kila kitu hadi mwisho, akakiona kifungu cha tisa. Kilisema kikomo hakitagusa mikataba iliyosainiwa kabla ya siku ya kura. Katika kaunti nzima mkataba wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu. Diwani mmoja kati ya wale watatu alikuwa ameitoa kura yake kwa sharti la kifungu hicho.

Kwa hiyo sheria ya Tolliver inamzuia kila mtu kufanya alilofanya Kessler, isipokuwa Kessler. Mkataba wake umebakiza miaka sita.

*

Kessler hakumpigia Arlindo simu tena. Wakulima wengine watatu, marafiki wa Kessler, nao waliacha. Zaidi ya hapo kulikuwa na wenye bustani ndogo za jozi waliokuwa wakipiga hesabu kimyakimya ya kuuza nao maji yao ya mfereji mwaka ukiwa mbaya. Kikomo kiliwafungia mlango, na kwao aliyeufunga si diwani, ni Arlindo.

Mkahawani, ambako alikunywa kahawa asubuhi kwa miaka thelathini, mmoja wao aliuliza kwa sauti ya kusikika: "Lindo, hicho kikombe umeshakipima kina?" Watu wakacheka, hata waliotia sahihi ombi. Arlindo alicheka nao. Siku hizi kahawa anakunywa ndani ya lori.

Mapato yake, ambayo yaliwahi kufika dola elfu themanini kwa mwaka, mwaka jana hayakufika thelathini. Aliuza lori la pili. Celeste ameongeza zamu ya jioni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hajamkumbusha mumewe maneno yake juu ya njaa, naye Arlindo hajalia.

"Ningelia angenisikiliza," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Septemba iliyopita, simu iliita. Alikuwa Kessler.

Kisima cha nyumba yake, si vile vya shamba, kile cha zamani kilichochimbwa na babu yake cha futi tisini, kilikuwa kimekauka. Mama yake Kessler, mwenye miaka 88, anaishi katika nyumba hiyo na asubuhi ile alikuwa amekaa bafuni na sabuni mwilini. Mafundi wa mji wa pili walisema watafika baada ya wiki.

Arlindo alikwenda. Celeste alimuuliza kwa nini, akasema bibi kizee hakusaini mkataba wowote. Alipaki lori pale alipozoea kulipaki. Hawakusalimiana kwa mikono. Aliteremsha utepe, akautoa, chaki ikiwa nyeupe kama alivyoipaka.

Kessler akauliza ni futi ngapi.

"Hakuna futi. Ni pakavu."

Walisimama. Pampu namba mbili ilikuwa ikinguruma umbali wa hatua mia tatu hivi. Kessler alitazama daftari mkononi mwa Arlindo.

"Utakiandika na hiki?"

"Naandika visima vyote, Roy."

"Nakuomba usikiandike."

Arlindo anasema ile ndiyo mara ya kwanza maishani Kessler kutumia neno "nakuomba" mbele yake, na kwamba kwa kitambo alitamani kumpa. Walikuwa wamekula meza moja. Kisha akafungua ukurasa, akaandika tarehe, jina, na neno moja: pakavu. Akatoa maji yote aliyokuwa nayo kwenye lori, akambebea yule bibi ndoo mbili hadi mlango wa bafuni, akaondoka.

Wazee husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kessler aliingia, lakini alikaa humo siku nane tu. Siku ya tisa kampuni ya kuchimba ilikuwa uani kwake na mtambo mkubwa, na jioni nyumba ilikuwa na maji kutoka futi mia nne. Kampuni hiyohiyo imemwandikia Bi Nadine barua kwamba foleni yake ni miezi kumi na minne, na kwamba kisima cha kina hicho ni dola elfu thelathini na nane. Nyumba yenyewe, kwa kuwa sasa haina maji, hakuna atakayeinunua kwa bei ya kusifiwa.

*

Saa nne kasoro, jua limekwisha kuwa kali. Arlindo amemaliza kurudisha bomba na anafunga kifuniko cha kisima kwa bolti nne, ingawa hakuna kinachohitaji kufunikwa. Bi Nadine ametoka na vikombe viwili. Anamwambia kwamba amekwisha kuongea na binti yake aliye Idaho. Ataondoka kabla ya Krismasi. Miti arobaini ya jozi aliyoipanda na marehemu mumewe imeanza kukauka kuanzia juu, na hataki kuwapo ukavu utakapofika chini.

Arlindo anasema anaweza kumletea tangi la kaunti, lile linalojazwa na lori kila baada ya wiki mbili. Jirani kumi na mmoja wanalo.

"Nimeishi hapa miaka hamsini na sita, Lindo. Sitaki kuhesabu maji kila nikiosha sahani."

Fundi anaangalia chini. Anamwomba radhi, kwa sauti ndogo. Mwalimu anamwambia kwamba radhi hiyo ameshamwomba mara nyingi mno na hajui tena pa kuiweka, kwa hiyo afanye kitu kingine nayo.

Anafanya. Tangu Februari, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, Arlindo hukutana na majirani kwenye ukumbi wa wakulima na kuwafundisha kupima. Amewakatia tepe za chuma, amewagawia chaki. Nyumba ishirini na mbili sasa zinajipimia zenyewe na kuandika. Mama wa mbuzi ana mwandiko mzuri kuliko wote, na ndiye anayekusanya karatasi. Wamekwisha kuwa na vipimo vya miezi sita, vya siku ambazo pampu tano zinafanya kazi na siku ambazo zimezimwa kwa matengenezo. Zikizimwa, maji hupanda kidogo. Zikiwashwa, hushuka.

Mwezi Machi baraza jipya litaketi, na wakazi wameomba kifungu cha tisa kifutwe. Mawakili wa kusini wameshaandika kwamba watashtaki. Kwa hesabu ya dereva wa basi, kura wanazo mbili, wanahitaji ya tatu, na diwani wa mjini hajibu simu. Arlindo amempigia mara tano.

Je, ana matumaini? Anafikiri huku akikunja utepe.

"Maji ya Mwalimu hayarudi, hata wafute kifungu kesho. Yangu nayo yamebakiza futi kumi na tisa, na sina pesa ya kuchimba," anasema. "Ninachotaka ni kidogo sana. Ifike siku, wote walioketi kwenye vile viti, na Roy, na mimi, asiwepo hata mmoja anayeweza kusema hakujua."

Anapanda lori. Nyumba inayofuata ni ya dereva wa basi. Simu imeingia tangu saa mbili: bomba la jikoni limeanza kutema hewa.